Moyo wa Watu Ishirini na Sita

Inspekta Mwanabaraka alizipanga karatasi mezani kwa safu, akazima feni isije ikazipeperusha, kisha akaanza kuzisoma kwa mara ya tatu. Zilikuwa fomu ishirini na sita za afya, moja kwa kila mchezaji wa Randa FC, timu ya mafundi seremala wa Keko iliyopanda Ligi Daraja la Kwanza msimu huu. Kila fomu ilikuwa na jina, picha ndogo na muhuri wa kliniki moja ya Sinza. Nyuma yake imebanwa karatasi ya kipimo cha moyo, ile yenye mstari unaopanda na kushuka kama meno ya msumeno.

Fomu ya kumi na moja ilikuwa ya Isack Sanga, kiungo, miaka ishirini na tatu. Moyo: mzima. Anaruhusiwa kucheza.

Siku kumi na mbili zilizopita Isack alianguka mazoezini, saa mbili asubuhi, bila kuguswa na mtu, mpira uko upande wa pili. Walimfikisha hospitali akiwa ameshakata roho.

Siku sita za mwanzo Mwanabaraka alifukuzana na sumu. Kocha wa timu, Mfaume, alimshika mkono palepale nje ya chumba cha maiti akamwambia kuna mtu wa timu pinzani alionekana akimpa Isack juisi ya ukwaju asubuhi ile. Mwanabaraka alimsaka aliyeiuza juisi hiyo mpaka akampata Tandika, akabeba madumu yake yote, akayapeleka kwa mkemia. Majibu yakarudi: ukwaju, sukari, na maji ambayo hayakuchemka vizuri. Daktari aliyeupasua mwili naye akaandika yake: misuli ya moyo imenenepa kupita kiasi, ugonjwa wa miaka mingi.

"Moyo haukamatwi, Mwanabaraka."

Aliyesema alikuwa Mrakibu Augustine, mkuu wake wa upelelezi, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Daktari kasema ugonjwa. Jalada linangoja nini?"

"Linangoja mtu wa kunieleza hii, afande." Mwanabaraka aliinua fomu ya Isack. "Moyo ulioumwa miaka mingi, Julai ulionekanaje mzima?"

"Vipimo vinakosea."

"Vinakosea. Ila jana kaja dada wa marehemu, Margareta, anapika kantini ya wafanyakazi huko Wazo. Fomu inasema Isack alipimwa Sinza tarehe kumi na nne Julai. Siku hiyo mwanawe Margareta alikuwa anabatizwa, na Isack ndiye aliyemsimamia. Kanionyesha picha kwenye simu. Isack yuko kanisani asubuhi, yuko kwenye sherehe mchana, jioni anaosha masufuria."

Mrakibu alikunywa chai yake kidogo. "Tarehe inaweza kukosewa pia."

"Fomu zote ishirini na sita zina tarehe hiyo hiyo."

"Leo Jumanne," alisema Mrakibu, akigeuka kuondoka. "Ijumaa nalitaka jalada mezani kwangu, limefungwa au lina mtu ndani."

Alipobaki peke yake, Mwanabaraka alichukua kipimo cha Isack na cha mchezaji aliyemfuatia kwenye orodha. Alitaka kulinganisha tu, maana hakuwa daktari. Akazipachika karatasi mbili moja juu ya nyingine, akazibandika kwenye kioo cha dirisha palipokuwa na jua kali la asubuhi.

Mistari ililaliana. Haikufanana tu, ililaliana, jino kwa jino. Baada ya pigo la saba kulikuwa na pigo moja lililowahi, likafuatiwa na nafasi tupu, kisha mwendo ukarudi wa kawaida. Karatasi zote mbili zilikuwa na hilo pigo, na hiyo nafasi, palepale.

Akaongeza ya tatu. Akaongeza ya nne. Alimaliza zote ishirini na sita amesimama hapo dirishani, jasho linamtiririka chini ya hijabu. Kikosi kizima cha Randa FC kilikuwa kinatumia moyo mmoja.

Ilikuwa kazi ya mashine ya fotokopi. Sehemu ya juu, mashine ya kliniki inapochapa jina na umri, mtu aliifunika kwa kipande cha karatasi nyeupe, kisha akaandika majina kwa mkono. Lakini kwenye karatasi ya kumi na tisa kile kipande kiliteleza kidogo. Zilichungulia tarakimu mbili: 34.

Mwanabaraka aliipitia orodha. Mchezaji mkubwa kuliko wote alikuwa nahodha, Talha, miaka ishirini na tisa. Hakukuwa na mtu wa thelathini na nne.

*

Kliniki ya Sinza ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa, katikati ya baa mbili zilizokuwa bado zinadekiwa. Mtaalamu wa vipimo aliitwa Loveness. Aliipokea fomu, akaigeuza mara moja tu.

"Huu muhuri si wetu, afande. Wetu ni wa duara. Hawa wametuchongea wa pembe nne."

"Na kipimo?"

Loveness alikitazama kwa muda mrefu zaidi. "Hiki ni cha mashine yetu. Naijua, huku pembeni huwa inaruka wino."

"Ukikutana na karatasi mbili za watu wawili zinazolingana mpaka kila pigo?"

"Haiwezekani. Hata mie nikikupima sasa hivi, nikakupima tena baada ya dakika tano, hazilingani hivyo."

"Basi nitafutie tarehe kumi na nne Julai. Mwanaume, thelathini na nne."

Siku hiyo kliniki ilikuwa imepima mioyo ya watu watano. Watatu walikuwa wazee, mmoja mwanamke mjamzito. Loveness aliigeuza kompyuta ili Mwanabaraka asome mwenyewe jina la tano, na chini yake aliyelipa: Randa FC, shilingi elfu themanini na tano.

Mashaka Mwinshehe.

Mwanabaraka alimfahamu. Keko nzima ilimfahamu. Mabao tisa katika mechi saba. Akafungua tena orodha ya klabu aliyoikunja mfukoni. Mashaka Mwinshehe, mshambuliaji, miaka ishirini na tano.

"Moyo wake una tatizo?" aliuliza.

"Hili pigo lililowahi? Wengi wanalo. Huyu mzima kabisa." Loveness alishusha sauti. "Afande, kwani hao wengine walipimwa wapi?"

Mwanabaraka alikuwa ameshaanza kushuka ngazi.

*

Alimkuta Mashaka Keko, kando ya barabara, amekaa kwenye sofa ambalo halijavishwa kitambaa, nje ya karakana ya shemeji yake. Mashine ya msasa ilikuwa inalia ndani, vumbi la mbao za mninga limetanda hewani. Mashaka alipoona kitambulisho alisimama.

"Ishu ya Isack tena, afande? Mie nilishaandikisha maelezo."

"Uliandikisha. Kaa. Tarehe kumi na nne Julai ulikuwa wapi?"

"Sikumbuki."

"Ulikuwa Sinza, unapimwa moyo. Umri uliotaja ni thelathini na nne."

Mashaka alitazama ndani ya karakana, akatazama barabarani, akakaa.

"Kwenye leseni ya kucheza una ishirini na tano," Mwanabaraka aliendelea.

"Kila mtu anapunguzaga, sista. Thelathini na nne nani atakusajili?"

"Kule kliniki mbona hukupunguza?"

"Kule nilikuwa nataka jibu la kweli." Alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Nilikuwaga timu moja ya mkoani, kuna beki wetu alidondoka uwanjani, akafa. Tangu hapo mke wangu alinikataza kusaini popote kabla sijapimwa. Nikamwambia katibu wetu, Wilbert, kwamba bila kipimo sisaini. Akanipeleka, akalipa. Akasema karatasi inabaki klabuni."

"Wenzako walipimwa lini?"

"Walituambia zamu kwa zamu. Mie nilijua wameshapimwa."

"Mashaka."

"Haki ya Mungu nilijua hivyo! Isack nalala naye chumba kimoja kambini, afande. Mabao tisa yale, sita pasi zake. Ningejua ningenyamaza?"

Mwanabaraka alitoa karatasi mbili kwenye bahasha, akazinyanyua juani, moja juu ya nyingine. "Hii ina jina lako. Hii ina jina la Isack. Moyo huu ni wako."

Mashaka aliziangalia. Alinyoosha kidole akafuatisha ule mstari, polepole, mpaka kwenye lile pigo lililowahi. Kidole kikasimama hapo.

"Alicheza kwa moyo wangu," alisema.

"Ulipewa kiasi gani kusaini?"

"Milioni tano. Taslimu."

"Mkupuo mmoja?"

"Mkupuo mmoja. Walianza kwa mbili na ushee, nikakataa. Kuna timu ya Mbagala ilikuwa inanitaka. Baada ya siku mbili Wilbert akanipigia, akasema imepatikana."

"Maelezo haya nayahitaji kwa maandishi, na sahihi yako. Na sikufichi: siwezi kuandika kipimo nikaacha umri. Wakisoma, watakufungia."

"Nina mkataba mpaka Mei. Nina watoto wawili wanasoma."

"Najua."

"Hakuna njia nyingine?"

"Kama ipo sijaiona."

Msasa ukanyamaza ndani. Shemeji mtu alichungulia, akaona sura zao, akarudi. Mashaka alikaa ameinamisha kichwa, anang'oa kibanzi kwenye mkono wa sofa, kipande kwa kipande.

"Andika," alisema mwishowe. "Thelathini na nne. Andika na tarehe ya kuzaliwa, nikutajie."

*

Ofisi ya Randa FC ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao. Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, Mwanabaraka aliwakuta wawili: Wilbert, katibu, aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu Muleba kabla hajaja mjini, shati limenyooka na kalamu mbili mfukoni, na kocha Mfaume, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, mzaliwa wa palepale Keko, ameketi pembeni na filimbi shingoni.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba, mwanangu. Umempata aliyeleta juisi?"

"Nimeacha kumtafuta." Akamgeukia Wilbert. "Naomba bajeti ya usajili."

Wilbert hakusita. Alifungua kabati, akatoa faili lenye lebo iliyochapwa, akaliweka mezani kama mtu anayeonyesha kazi ya mikono yake. Ilikuwa safi kweli. Mishahara ya wachezaji ishirini na sita, kambi, chakula, basi la kwenda Mara na Mbeya, ada za usajili, jezi, vipimo vya afya.

"Nifundishe. Mnaanzaje kupanga?" aliuliza Mwanabaraka.

"Kwa ahadi, afande. Daraja la kwanza huwezi kupanga kwa hela iliyopo, maana haipo. Mfadhili wetu wa mbao aliahidi milioni sitini. Nikagawa sitini. Mwezi wa sita akaleta thelathini na tano, akasema nyingine tusubiri."

"Ukafanyaje?"

"Ukipunguza mshahara, mchezaji anahama. Ukipunguza chakula, wanagoma, asubuhi tu redio zinatangaza. Ukipunguza basi, timu haifiki, mnanyang'anywa pointi." Alihesabu kwa vidole, na sauti ya ualimu ilikuwa imemrudia. "Unabana kile ambacho hakina mtu wa kulalamika."

"Vipimo vya afya hamkubana. Naona hapa: ishirini na sita mara elfu themanini na tano, milioni mbili laki mbili na elfu kumi. Imeandikwa imelipwa."

"Ililipwa."

"Kliniki ilipokea elfu themanini na tano. Mtu mmoja." Mwanabaraka alivuta kiti akakaa. "Zilizobaki ni milioni mbili, laki moja na elfu ishirini na tano. Sasa twende mstari wa kusaini wachezaji. Mashaka Mwinshehe, milioni mbili laki nane na elfu sabini na tano. Yeye anasema alipokea tano. Mwalimu, zijumlishe hizo mbili."

Uso wa Wilbert ulikuwa umesawajika.

"Ni tano kamili," Mwanabaraka alisema. "Haina hata senti ya ziada. Ungekuwa umeiba ungebakiza kitu. Hukuiba. Uliihamisha."

"Mwenyekiti ndiye anayeidhinisha."

"Mwenyekiti mwezi wa saba wote alikuwa India kwa matibabu ya mguu, nimeona pasi yake ya kusafiria. Muhuri wa pembe nne nani alikwenda kuuchonga?"

"Afande, mie sina maelezo mpaka niwe na wakili."

"Ni haki yako. Nitasubiri."

"Mwache Wilbert."

Sauti ilitoka pembeni. Kocha Mfaume alikuwa amevua filimbi shingoni, ameikamata mkononi.

"Kocha, nyamaza," Wilbert alisema haraka.

"Nimenyamaza wiki mbili." Mfaume hakumtazama, alimtazama Mwanabaraka. "Tulikaa humu humu, sie wawili. Nilitaka mshambuliaji. Nilimwambia bila Mashaka tunashuka daraja, na tukishuka hii timu inakufa. Akaniambia imepungua milioni mbili na kitu, na akanisomea mafungu yote. Alipofika kwenye vipimo nikamwambia hapo hapo. Vijana wangu nawaona kila siku wanakimbia, wapimwe nini? Mie ndiye niliyesema. Yeye alitengeneza karatasi tu."

Mwanabaraka alifungua daftari. "Endelea, kocha."

"Mwezi wa tisa Isack alinifuata." Mzee aliizungusha filimbi kiganjani. "Akasema, kocha, nikikimbia sana kifua kinanibana, macho yanaingia kiza. Nikadhani anakwepa mbio. Nikamwongezea mizunguko mitano."

Wilbert alifunika uso kwa mikono.

"Ile juisi," Mwanabaraka aliuliza, "uliiona kweli?"

"Niliiona. Mtu alimpa juisi, sikukudanganya. Nilikuwa naomba, mwanangu. Kila siku nilikuwa naomba iwe sumu."

Mwanabaraka aliandika hayo kama yalivyosemwa, neno kwa neno, akamsomea, akampa kalamu. Mfaume alisaini. Kisha Mwanabaraka akamwomba Wilbert asimame, akawataarifu wote wawili makosa yao: kughushi nyaraka, na kusababisha kifo kwa uzembe. Hakuwafunga pingu. Walipokuwa wanatoka, mafundi wa ghalani waliacha misumeno, wakasimama kumtazama kocha wao akipanda gari la polisi.

*

Jalada lilifika mezani kwa Mrakibu Augustine Ijumaa saa mbili asubuhi. Alisoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, chai ikapoa.

"Kazi nzuri," alisema. "Sasa ukapumzike."

"Bado, afande. Kuna wachezaji ishirini na nne wanaocheza kwa moyo wa Mashaka."

"Hilo si la jinai."

"Akifa mwingine litakuwa."

Mrakibu alimtazama, akapungia mkono kuelekea mlangoni, ishara ambayo Mwanabaraka aliamua kuichukua kuwa ruhusa. Alimpigia Loveness. Kliniki ilikuwa na hasira ya muhuri wake kughushiwa, na mwenye kliniki akakubali kuwapima wote bure. Walipima Ijumaa mchana kutwa na Jumamosi asubuhi, huku daktari wa moyo akiahidi kusoma majibu kadiri yanavyotoka. Lakini Jumamosi hiyo hiyo saa kumi Randa walikuwa na mechi nyumbani, na viongozi waliobaki waligoma kuiahirisha. Wasipotokea wangekatwa pointi.

Saa kumi kasoro dakika ishirini Mwanabaraka alikuwa amesimama nje ya chumba cha kubadilishia nguo, simu mkononi. Ilipoita aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Ishirini na tatu hawana neno," Loveness alisema. "Mmoja daktari kasema asicheze. Asikimbie hata kidogo. Aletwe leo."

"Nani?"

Mwanabaraka alisikiliza jina, akakata simu, akasukuma mlango. Wachezaji walikuwa wanavaa. Talha, nahodha, alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, kitambaa cha unahodha kimeshakazwa mkononi.

"Talha. Usifunge hicho kiatu."

Talha aliinua kichwa, akatabasamu kama mtu anayengoja mwisho wa utani. Kisha tabasamu likamtoka.

"Mie?" alisema. "Afande, mie sijawahi hata kuumwa mafua."

"Daktari anakusubiri. Gari liko nje, nitakupeleka mwenyewe mechi ikiisha, au sasa hivi ukitaka."

"Nina familia. Hii ndiyo kazi yangu."

"Najua."

"Miaka kumi na moja nacheza!"

Mwanabaraka alichuchumaa mbele yake, akashika kamba ya kiatu cha kushoto, akaifungua, akakivua. Talha hakumzuia. Alipomaliza, akamvua na cha kulia. Nahodha alikaa na soksi, machozi yanamshuka bila sauti, kisha akavua kile kitambaa cha mkononi na kukinyoosha hewani, bila kutazama nani anakipokea. Golikipa alikipokea.

Hakutaka kwenda Sinza kabla ya mechi. Alikaa benchi kando ya Mwanabaraka, mikono katikati ya magoti, na kila Randa walipopoteza mpira alipaza sauti mpaka Mwanabaraka akamwekea kiganja begani kumtuliza. Bila kocha, bila nahodha, bila Mashaka aliyeshasimamishwa kwa umri wake, Randa walifungwa matatu bila.

Mwamuzi alipopuliza filimbi ya mwisho Mwanabaraka alisimama, akawahesabu wakitoka. Wote kumi na mmoja walitoka uwanjani kwa miguu yao.